Soda Nyeusi na Maziwa

Picha yangu ya kwanza ya Nairobi nilipigwa nikiwa nimevaa koti la mwenyewe, yaani la mwenye studio. Lilikuwa linaning'inia kwa msumari mlangoni, na kila kijana aliyetoka nyumbani juzi alivalishwa hilo hilo, awe mfupi awe mrefu. Mikono yake iliniishia karibu na viwiko. Nyuma kulikuwa na pazia limechorwa ndege kubwa na ngazi, kana kwamba ndio nashuka kutoka Ulaya. Mwenye studio akaniuliza, "Unashika redio ama soda?" Redio ilikuwa kwa mtu mwingine, nikasema soda. Akanipa chupa imejaa, na kifuniko chake, akaipangusa vumbi kwa shati. Nikamuuliza kama nitainywa tukimaliza. Alicheka mpaka akaiacha kamera. "Kijana, hiyo soda imepigwa picha kuliko rais."

Nilimtumia mama yangu kule Kitui hiyo picha. Akaibandika ukutani, na wanawake wa kijiji wakaja kuiangalia. Hawakuangalia koti, wala hawakuiona ile ndege. Waliangalia chupa. Mama aliniambia baadaye kwamba walisema, "Mtoto wa Nduku sasa ameshiba."

Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Soda kwetu haikuwa kitu cha kunywa, ilikuwa cheo. Ilinywewa Krismasi, ilinywewa arusini, na ilipelekwa kwa mgonjwa. Mgonjwa akiletewa soda anajua anapendwa, na mgeni akipewa maji anajua amedharauliwa. Nasema hili mapema ili mtu asifikiri walioniharibu walikuwa maadui zangu. Walikuwa watu wanaonipenda, ndiyo maana hasira yangu mpaka leo haijapata mahali pa kukaa.

Mimi ni fundi wa akala, vile viatu vinavyokatwa kwa tairi kuukuu. Kibanda changu kiko Gatwekera, huko Kibera, karibu na reli. Nimekata tairi tangu wakati tairi lilikuwa mpira kweli, siku hizi ni waya tupu zimepakwa weusi, lakini hayo ni mambo mengine.

Ugonjwa ulianza na mvua ndefu. Ulianza na kiu. Kiu naijua, mimi ni mtu wa Kitui, lakini hii haikuwa ya jua. Ilikuwa kama mtu ameniwekea kaa la moto kooni na kuondoka. Nakunywa, nakojoa, nakojoa, nakunywa tena. Choo chetu kiko chini kwenye mteremko, na mama anayekaa pale mlangoni kulipisha akaanza kunitania. "Mzee Akala, hamia huku tu. Nitakuwekea kitanda."

Kiu hiyo ningeizima kwa maji, lakini msimu huo maji yalikuwa na shida. Mtaro ulikuwa umefurika, na mabomba yetu yanapita ndani ya mtaro, kila mtu wa Kibera anajua. Maji yakaja na harufu. Watu wakaanza kutaja kipindupindu, wakasema usiguse maji ya mtungi, kunywa soda, imefungwa na mashine, haiwezi kuingia uchafu. Kuogopa maji machafu tulikuwa na haki. Lakini sikuona mtu hata mmoja akiwasha jiko ayachemshe. Wote tulikimbilia chupa. Nikawa nakunywa asubuhi kabla ya chai, mchana nikikata tairi, jioni nikifunga kibanda, na kila nikinywa lile kaa la kooni linawaka zaidi.

Halafu nikaanza kukonda. Mshipi nilitoboa tundu lingine kwa msumari wa kazi, halafu lingine. Mashavu yakaingia ndani. Mwanamume akikonda hivyo Gatwekera, watu wananong'ona jambo moja tu, na wewe unalijua. Mke wangu Kalekye aliwasikia pale kwa maji. Alirudi nyumbani amekasirika, akaketi kitandani.

"Wacha waseme," akaniambia. "Wewe umeishiwa damu. Ni damu tu, Baba Mutheu."

Na dawa ya damu kila mtu anaijua. Unachukua soda nyeusi, ile ya ladha ya zabibu, unachanganya na maziwa, unakoroga. Inakuwa na rangi kama nguo iliyofuliwa na nyingine nyekundu. Mama akijifungua anapewa. Mtu akitoka kwa malaria anapewa. Nani alisema kwanza kwamba hiyo ni damu? Ningependa kumjua. Ningependa aketi mbele yangu, nimvulie kiatu cha kushoto, nimwonyeshe, halafu aniambie tena.

Wale wa ushirika wetu wa kanisa wakaja kuniombea. Kila mmoja alikuja na chupa, na mwingine akaleta glukosi ya pakiti. "Kunywa, mzee wetu, upate nguvu." Wangefanya nini, waje mikono mitupu? Jirani yangu Ochieng', fundi wa mabati, aliangalia zile chupa zimepangwa chini ya kitanda, akatikisa kichwa.

"Nyinyi Wakamba mnafanya vitu mapema," akasema. "Sisi tunangoja mtu afe kwanza ndio tulete soda."

Nilicheka. Kucheka kulinichosha nikalala.

Macho yakaanza kuona tairi mbili mahali pana moja. Asubuhi moja nikajaribu kuamka, miguu ikakataa. Kalekye aliita Ochieng', naye akanibeba mgongoni kama gunia, akaruka nami mtaro, akipiga kelele watu wapishe njia. Njiani alinisema mpaka tukafika barabarani: kwamba nilikuwa mwepesi, kwamba mke wake ni mzito kuliko mimi, kwamba nikimfia mgongoni atanidai shati. Huyo ni rafiki. Mungu amwekee mgongo wake.

Sasa niseme kuhusu benchi la hospitali. Anayeanza huu ugonjwa ajue kwamba ataishi kwa benchi. Unafika asubuhi hujala, maana umeambiwa usile, na unaketi, na benchi linasogea kidogo kidogo kuelekea mlango, kila mtu akikalia joto la mwenzake. Wazee wengi. Lakini siku ile niliona pia vijana, wanaume wa umri wa kuzaa, na msichana bado na sare ya shule, ameshikwa mkono na mama yake. Nilidhani amemsindikiza mama. Kumbe mama ndiye msindikizaji.

Nesi alinitoboa kidole akaweka damu kwa kale kamashine. Haikutoa namba. Akajaribu tena, ikakataa tena. Akaniangalia vile mtu anavyoangalia nyumba inayoungua.

"Mzee, leo umekunywa nini?"

"Soda nyeusi na maziwa. Ya damu."

"Nani alisema damu yako imepungua?"

"Watu."

"Walikupima na nini, hao watu?"

Kalekye ndiye aliyemjibu, polepole. "Na macho."

Nesi hakucheka. Aliandika kitu akaniitia daktari. Daktari akasema ni sukari, na imepanda vibaya. Nikamuuliza kama ni soda iliyoniletea. Akasema si soda peke yake, kuna uzee, kuna ukoo, pengine ilikuwa inakuja tu. Lakini soda, akasema, ni petroli, na mimi nilikuwa najimwagia kila siku huku moto umeshashika. Nilitoka pale na sindano na vidonge, na nje ya lango, jamani, karibu kabisa na lango lile ambalo wagonjwa wa sukari wanaingilia, kuna kibanda cha soda kimepakwa rangi mpya kinang'aa. Nililishika lango nikasimama pale. Kalekye alifikiri ni ugonjwa.

Baridi ya mwezi wa saba ilinikuta nimerudi kazini. Niliona nimepona. Siku moja nimeketi nakata nyayo, Kalekye akaleta uji, akaweka kikombe chini akauliza, "Hiyo damu ni ya nani?" Nikatazama. Msumari ulikuwa umeingia chini ya mguu wangu wa kushoto, umepita kiatu, umepita nyama, na sijui ulikuwa mle tangu saa ngapi, maana sikuusikia. Nimevisha miguu ya watu maisha yangu yote, na mguu wangu mwenyewe ulitobolewa ukanyamaza.

Kidonda hakikufunga. Kilinuka. Hospitalini walikata kidole kidogo na jirani yake, wakasema nishukuru ni viwili. Nikashukuru. Lakini nikaambiwa kisipofunga, watapanda juu.

Mahali pa kuosha kidonda palikuwa karibu na Kawangware, na binti yangu Mutheu anakaa Kawangware na mumewe. Akasema nije nikae kwake mpaka kifunge. Mimi sikutaka. Kwetu mzee hahamii kwa mkwewe, akila chakula chake na kulala chini ya paa lake, isipokuwa ameshindwa kabisa. Basi nilikuwa nimeshindwa kabisa. Kalekye alibaki kulinda kibanda, nami nikahamia kwa Kyalo, mkwe wangu.

Kyalo si mtu mbaya. Anaamka mapema, halewi, hajawahi kumpiga binti yangu. Ana kibanda cha vinywaji mbele ya lango la shule, na kampuni ilimpakia rangi bure ikaandika jina lake kubwa juu. Anakipenda hicho kibao kuliko cheti cha ndoa. Sisi wawili tulikuwa tunasalimiana vizuri.

Kuosha kidonda ni kila baada ya siku moja. Tena benchi. Hapo kulikuwa na mama mmoja mzee wa Kakamega, amekatwa mguu mzima, na bado alikuwa anatuchekesha wote. Alikuwa anabeba nduma iliyochemshwa na chupa ya maji aliyochemsha mwenyewe jana yake. Siku moja alinimiminia kikombe bila kuniuliza. Maji baridi, hayana harufu, hayana kitu. Nilikunywa yakashuka, na koo likanyamaza. Nikatoa machozi pale mbele za watu. Yule mama akasema, "Kunywa, mzee, hayo hayatakudai baadaye."

Sasa Mwende. Mwende ni mtoto wa Mutheu, yuko darasa la pili. Ananiita guka, yaani babu kwa Kikuyu, kama watoto wote wa Kawangware, ingawa sisi ni Wakamba. Ana maneno mengi. Meno yake ya mbele yalikuwa yamebaki vijiti vya kahawia, naye alikuwa anacheka amefunika mdomo na kiganja. Kila asubuhi baba yake alimpa chupa ya kubeba shuleni, leo nyekundu, kesho ya machungwa, na mtoto alichagua rangi kwa furaha. Chakula hakukitaka. Mwalimu akaleta habari kwamba anasinzia darasani.

Jioni moja nimeegemea ukuta, mguu juu ya stuli. Mutheu akaingia na kikombe akamwita Mwende. "Kuja unywe, damu yako imepungua." Nikaangalia ndani ya kikombe. Ilikuwa ile rangi. Ile rangi ya nguo iliyofuliwa vibaya.

Nilikipiga kile kikombe kikaanguka. Sijawahi kuwapigia watoto wangu kelele vile, hata wakiwa wadogo. Nilifungua bandeji nikamwambia Mutheu aangalie mahali vidole vilikuwa. "Hii ndiyo damu mliyonipa. Unampa na huyu?" Mutheu akalia, mtoto akalia, Kyalo akasimama mlangoni akauliza kuna nini. Nilisema mtoto apelekwe apimwe, apimwe na mashine, si na macho.

Alipelekwa. Damu yake haikuwa na shida. Sukari pia, bado. Nesi alisema hilo neno, bado, akalirudia. Shida ilikuwa meno. Yalikuwa yanamuuma usiku hapati usingizi, na tumbo lilikuwa limejaa sukari chakula hakipati nafasi. Dawa yake: maziwa peke yake, chakula, na maji. Maji. Nilitaka kucheka. Tulikuwa tumezunguka Nairobi nzima kutafuta kitu kilicho ndani ya mtungi.

Hapo ndipo nilipopata kazi ya kufanya. Nilijua ninachotaka, sitaki Mwende akalie lile benchi. Lakini mtoto humwambii habari ya kidonda ukategemea ataacha utamu. Nilijaribu, nikamwonyesha mguu, akasema, "Guka, hiyo ni ya wazee," akaenda kucheza. Alikuwa na haki.

Nikamtuma Mutheu aninunulie nyungu ya udongo. Maji tukayachemsha, yakipoa tunayatia mle, yanakuwa baridi yenyewe. Nyungu nikaiweka chini kabisa, mahali Mwende anafika, na kikombe chake, ajichotee bila kuomba mtu. Halafu nikatafuta mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, nikakata mkanda mwembamba, nikasuka, nikamtengenezea kibebeo cha chupa ya maji, cha kutupa begani. Nikamkatia na ua kwa mpira mwekundu.

Alienda nacho shule Jumatatu. Jioni walikuja watatu. Kesho yake ua wa ploti ulijaa watoto.

"Guka, niaje. Hata mimi nitengenezee."

"Lete chupa."

"Hii hapa."

"Iko na nini?"

"Maji."

Nafungua, nanusa. Mmoja mjanja sana, mwenye masikio makubwa, akaleta chupa ya manjano akasema ni maji ya machungwa.

"Machungwa gani yanang'aa hivi?"

"Ya Machakos, guka."

"Mimi ndiye natoka upande wa Machakos. Kamwage."

Akamwaga. Akarudi na maji, nikamfungia mkanda, akatembea mpaka barabarani kama askari. Nawaambia wazazi wenzangu hivi, kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi: usimhubirie mtoto. Mpe chupa yake mwenyewe, iwe na kitu cha kuringia. Maji yawe safi, yawe baridi, yawe mahali anafika. Wewe mwenyewe unywe akikuona. Mwende sasa shule zikifungwa mama yake humleta kwangu Gatwekera, na kitu cha kwanza anafunua nyungu ya Kalekye aone kama imejaa. Meno mapya yameota meupe. Anacheka mdomo wazi.

Lakini Kyalo alianza kunyamaza mezani. Watoto walipita kwa kibanda chake na mikanda yangu begani, wakamsalimia, wakaendelea. Akaniuliza siku moja, anatabasamu, "Mzee, unanifungia kibanda?" Nikamwambia auze maji. Akasema maji ni ya nani, mtu akinunua maji anaonekana hana kitu.

Mvua fupi zilipofika kidonda kilifunga. Nesi alikibonyeza akasema, "Nenda nyumbani, mzee." Kyalo akasema lazima kuwe na shukrani, mzee hawezi kutoka kwake kama mgonjwa. Nilifurahi, nasema ukweli, nilifikiri tumepatana. Jumapili watu wa ushirika wao wakajaa ndani mpaka mlangoni, mchungaji akaketi kwa kiti kizuri. Wakaomba. Wakaimba. Halafu Kyalo akaingiza kreti.

Kreti juu ya kreti. Wakanishukuria mguu wangu kwa kreti za soda.

Mwende ndiye aliyepewa kazi ya kugawa. Alichukua chupa ya kwanza, akaiangalia, akairudisha. Akaenda kwa nyungu, akachota maji, akampelekea mchungaji kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo kama alivyofundishwa.

Mama mmoja akacheka nyuma ya mkono. "Mgeni wa Mungu anapewa maji? Ai, Kyalo, hata sisi?"

Kyalo alimnyang'anya mtoto kikombe. Akafungua chupa nyeusi, akamwekea mdomoni. "Kunywa. Kunywa wakuone. Kwangu hatuombi maji." Mwende akafunga mdomo. Soda ikamwagikia gauni lake la kanisa. Alikuwa ananiangalia mimi.

Nikasimama. Nilisema, "Kyalo, mwanangu, mwache mtoto."

"Mzee, hapa ni kwangu," akasema. Hakupandisha sauti. "Umekula kwangu, umelala kwangu, umeniaibisha kwa mtaa wangu. Mtoto ni wangu. Leo atakunywa kile ninachouza."

Nikamtazama Mutheu. Alikuwa ameshika mlango, macho chini. Nikamtazama mchungaji, naye akatazama kreti. Nikainama, nikamshika Mwende mkono, nikampeleka kwa nyungu, nikamchotea mwenyewe. Alikunywa kikombe chote, polepole, mbele yao wote. Kisha nikamkabidhi kwa mama yake, nikachukua fimbo yangu na mfuko wa visu vya kazi.

Hakuna aliyenizuia. Nje matope yalikuwa mengi, na mguu ulikuwa bado unajifunza kukanyaga. Nilikuwa nimefika kwenye kona nikasikia Kyalo ananiita, kwanza mzee, halafu baba. Sikugeuka. Nilitembea mpaka Kibera, na nyumba ile sijaingia tena.